Kabla hujabadilisha chakula cha ng'ombe, soma hapa kwanza

Masika yakishakolea huku kwetu wilaya ya Hai, Kilimanjaro, simu za wateja zinafanana, ng'ombe kajaa tumbo, ng'ombe kaacha kula, maziwa yameshuka ghafla, halafu mtu anaomba dawa. Ukimuuliza jana alikula nini anakwambia chakula ni kile kile tu, ila ukizidi kuuliza unakuta wiki iliyopita alikuwa kwenye mabua makavu na migomba, juzi kaletewa majani machanga mzigo mzima, au pumba zilipatikana kwa bei nzuri mtu akajaza ndoo. Dawa tunazo, lakini tunataka muelewe kwanza kinachotokea tumboni, maana ukishaelewa hilo mengi utayazuia mwenyewe bandani.

Ng'ombe peke yake hawezi kumeng'enya nyasi, mbuzi na kondoo pia hawawezi. Kazi hiyo inafanywa na vijidudu vinavyoishi kwenye tumbo la kwanza, rumeni, ile sehemu yenye vinyweleo kama taulo unayoiona kwa muuza utumbo. Kwa ng'ombe mkubwa rumeni inabeba lita 100 na zaidi, iko ubavu wa kushoto, joto lake ni kama nyuzi 39 na oksijeni ndani karibu hakuna. Ukichota kijiko kimoja cha maji yake kuna bakteria mabilioni na mabilioni, bado protozoa na fangasi. Hao ndo wanaochachusha nyasi na kutoa asidi laini tatu, asetiki, propioniki na butiriki, ambazo zinanyonywa palepale kwenye ukuta wa rumeni na zinampa ng'ombe karibu asilimia 70 ya nguvu yake yote. Asetiki ndo malighafi kubwa ya mafuta ya maziwa, propioniki inaenda kwenye ini inageuzwa sukari na sukari hiyo ndo inavuta wingi wa maziwa. Halafu vijidudu wenyewe wakisukumwa mpaka tumbo la nne wanameng'enywa wanakuwa protini. Yani ukimwaga chakula kwenye hori unalisha vijidudu kwanza, ng'ombe anakula kupitia kwao.

Sasa hawa vijidudu kila kundi lina chakula chake. Wanaovunja nyuzi za majani wanazaliana taratibu na hawapendi asidi kali, wanaokula wanga wanazaliana haraka sana. Ng'ombe aliyezoea majani ukimpa ndoo ya pumba, mahindi au ugali uliobaki kwenye shughuli, kundi la wanga linalipuka, linatoa asidi ya laktiki ambayo ni kali kuliko zile tatu, wale wanaovunja nyuzi wanakufa, tumbo linasimama. Siku ya kwanza unaona amezubaa tu na hacheui, baadae kinyesi kinakuwa maji chenye harufu ya uchachu, anayumba, na akizidiwa analala hainuki. Akipona anaweza kuja kuchechemea wiki kadhaa baadae, kwato zinauma, na mwenye ng'ombe hakumbuki tena habari ya mahindi. Ipo pia asidi kuzidi ya chini chini ambayo haiui, ng'ombe anakula leo kesho anakataa, kinyesi laini kila siku, maziwa mepesi hayana mafuta. Hii kwa kweli ndo inayowala wafugaji wengi wa maziwa hela bila kujua.

Kujaa gesi ni kitu kingine. Uchachushaji lazima utoe gesi, kabonidayoksaidi na methani, na ng'ombe mzima anabeua mamia ya lita kwa siku bila shida. Akila lusena au majani mengine machanga ya jamii ya kunde yakiwa na umande, gesi inashikwa kwenye povu, hawezi kubeua, ubavu wa kushoto unapanda mpaka anashindwa kuhema. Hapo usisubiri kesho, piga simu kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu, na kama hatuko mbali tunakuletea dawa ya kuvunja povu. Ukikwama kabisa mafuta ya kupikia nusu lita kwa ng'ombe mkubwa yanasaidia kuvunja povu, mnyweshe taratibu kichwa kisiinuliwe sana yasiingie kwenye mapafu.

Kubadilisha chakula kunataka wiki mbili mpaka tatu, na hapa hatuna njia ya mkato ya kukuuzia. Pumba au chakula cha ng'ombe wa maziwa ongeza nusu kilo kila baada ya siku mbili tatu, gawa asubuhi na jioni usimpe mzigo wote kwa mkupuo, na atangulie kula majani. Majani mapya changanya na ya zamani. Majani marefu yana kazi nyingine pia, yanamfanya acheue, na akicheua anatoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku yenye chumvi zinazokata ukali wa asidi. Ukisaga kila kitu kuwa unga unamnyima hayo mate.

Jioni wakiwa wamelala kaa uwaangalie. Zaidi ya nusu wanatakiwa wawe wanacheua, na ukihesabu, kila tonge likipanda anatafuna kama mara 50 mpaka 60 kabla hajameza. Akitafuna 35 akameza, nyuzi hazitoshi, ongeza majani kabla hujaongeza kitu kingine chochote.

Na tafadhali sana, antibiotiki ya unga ya kuku usimnyweshe ng'ombe mkubwa, inaenda kuua vijidudu hao hao anaowategemea, atakaa siku nyingi bila kula vizuri.

Huduma yetu ni hii: njoo na orodha ya unachomlisha sasa hivi na unachotaka kuhamia, au hata lete vyakula vyenyewe kidogo kidogo kwenye mfuko, tunakupangia ratiba ya kubadilisha siku kwa siku bila malipo hata kama mashudu na pumba umenunua kwingine. Kwa dharura ukipiga simu tuambie amekula nini na saa ngapi, tumbo limepanda upande gani, anacheua au hacheui, kinyesi kikoje, na ana mimba au hana. Ukiwa na hayo mkononi daktari anaondoka hapa na dawa sahihi kwenye begi.