Katamarani au boti ya mwili mmoja: mambo ya kupima kabla ya kununua

Wateja wengi wanaofika katika karakana yetu hapa Mombasa kutaka ushauri kuhusu boti ya tanga ya safari huanza na suala la nafasi: vyumba ni vingapi, jiko liko wapi, watoto watalala wapi. Kwa kipimo hicho katamarani, yaani boti yenye miili miwili iliyounganishwa kwa sakafu, haina mpinzani, kwani yenye urefu wa mita 12 huwa na upana wa karibu mita 7, ilhali boti ya mwili mmoja ya urefu huohuo huwa na upana wa mita 4 hivi. Sisi tungependa mteja aanze na maswali mengine: ataelekea wapi, katika msimu gani, na siku ya matengenezo ataipandisha wapi.

Anayetoka Mombasa kwenda Lamu wakati wa kusi, upepo utokao kusini, husukumwa na upepo pamoja na mkondo wa pwani uendao kaskazini, na katamarani hapo hukimbia kwa raha bila kulalia upande. Kazi huwa katika kurudi. Nahodha anayekwenda kusini katika msimu huohuo hulazimika kupiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na boti ya mwili mmoja yenye mkuku mrefu (pezi la chini ya boti) huenda joshi, yaani huukabili upepo, vizuri zaidi kuliko katamarani nyingi za safari, ambazo mikuku yake mifupi huziacha ziteleze upande. Isitoshe, mawimbi hugonga chini ya sakafu inayounganisha miili miwili, na sakafu ikiwa karibu mno na maji, vishindo hivyo huwachosha watu na chombo chenyewe. Ingia katika kidau, upite chini ya sakafu hiyo ukaitazame mwenyewe, boti ikiwa imepakiwa mizigo yake yote.

Mizigo ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Katamarani haina farumi, yaani uzito wa chini wa kutuliza chombo; kama ngalawa na matengo yake ya ubavuni, uthabiti wake hutokana na upana, na wepesi ndio unaoipa mwendo. Lita 400 za maji ya kunywa ni kilo 400, na bado hujapakia dizeli, betri, jenereta na chakula cha mwezi mzima. Mara nyingi sisi huletewa chombo ambacho mstari wake wa maji umezama kabisa, na majani ya bahari yameota juu yake, mahali ambapo rangi ya kuyazuia haikupakwa. Chombo kilichozama hivyo kimeshapoteza mwendo ambao mwenyewe aliulipia.

Kuhusu usalama, kila aina ina hatari yake. Mkuku wa boti ya mwili mmoja hubeba risasi au chuma, mara nyingi theluthi moja ya uzito wote, kwa hiyo boti ikilazwa na upepo huinuka tena, ingawa ikijaa maji huzama. Katamarani ikipinduka haijigeuzi, hata kama itaendelea kuelea. Zaidi ya hayo, hailali upande kumwonya nahodha kwamba upepo umezidi, kwa hiyo tanga lipunguzwe kwa kufuata kipimo cha upepo, bila kungoja dalili katika mwenendo wa chombo.

Maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu. Katamarani nyingi zenye mikuku mifupi hukaa wima mchangani maji yakipwa, na fundi akafanya kazi yake hadi yatakapojaa, mradi usukani na rafadha za injini viwe juu kuliko mikuku. Boti yenye mkuku wa mita 2 huhitaji gadi (magogo ya kuiegemeza) madhubuti au ukuta wa kuegemea. Gharama, hata hivyo, huelemea katamarani: injini mbili, rangi nyingi zaidi, na upana usioingia katika kila mtelemko wa kupandishia boti.

Kwa familia itakayotembea baina ya Wasini, Kilifi na Lamu, tungechagua katamarani, ikiwa wenyewe wataweza kujizuia na mizigo. Kwa anayesafiri peke yake kuelekea Shelisheli, au anayetaka kurudi kusini bila kungoja kaskazi, tungechagua mwili mmoja. Kabla hujalipa chochote, tuite tuikague: katika boti ya mwili mmoja huanza kwa kufunua mbao za sakafu na kutazama kama boliti za mkuku zinatoa kutu, na katika katamarani huanzia kwenye maungio ya sakafu na miili, ambako nyufa hutangulia kuonekana.