Salamu za Pasaka: Upendo Uliogharimu

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe sana! Kristo amefufuka!

Kama ilivyo ada, nawasalimu nyote katika sikukuu hii ya Pasaka: wazazi wetu, watumishi wa Mungu, ndugu, jamaa na marafiki, mlio karibu na mlio mbali. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha salama katika siku zote za Kwaresima, akatupitisha Ijumaa Kuu na kutufikisha asubuhi ya leo. Wengi walitamani kuiona, hawakuiona. Sisi tumefika kwa neema tu.

Najua pia kwamba si wote mmefika mkiwa wazima moyoni. Tangu Pasaka iliyopita wapo waliozika. Wapo walioachishwa kazi, wapo wanaouguza, wapo ambao maisha yamepanda hadi sala ya riziki ya kila siku wanaisali kwa kuimaanisha neno kwa neno. Mwaka umekuwa mzito.

Kwetu tumempoteza dada yetu mkubwa. Ndiye aliyetulea baada ya wazazi kuondoka. Aliacha masomo yeye ili sisi tusome, na maisha yake yote sikuwahi kumsikia akitukumbusha deni hilo. Siku zake za mwisho, sauti ikiwa imeshakatika, alipenda asomewe Injili ya Yohana sura ya 19. Nikifika mstari wa 26, pale Yesu anapomwambia Maria kuhusu mwanafunzi aliyesimama karibu naye, "Mama, tazama, mwanao," alikuwa ananyanyua kidole kimoja juu ya shuka. Maana yake, rudia hapo. Nikirudia, kidole kinanyanyuka tena.

Mstari huo haujanitoka. Hebu angalieni Bwana aliusema akiwa katika hali gani. Usiku kucha hakupata usingizi. Ametoka Gethsemane, jasho likidondoka kama matone ya damu. Amepelekwa kwa Anasi, kwa Kayafa, kwa Pilato, kwa Herode, akarudishwa kwa Pilato. Amepigwa mijeledi, amevikwa taji ya miiba, na njiani Simoni Mkirene ameshurutishwa kuuchukua msalaba wake. Sasa ametundikwa, na kila neno linamtoka kwa maumivu. Maneno tuliyoandikiwa kutoka msalabani ni saba, na moja kati ya hayo saba ni la kumtafutia mama yake mahali pa kukaa. Yohana anasema tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Dhambi ya ulimwengu mzima iko mabegani mwake, na bado anawaza mama yake atalala kwa nani! Tumezoea kusema Mungu "aliupenda ulimwengu" hata tukadhani ni upendo wa jumla jumla, unaotupita kichwani. Pale msalabani upendo huo ulikuwa unamtazama mtu mmoja usoni.

Na Baba je? Ibrahimu alipoambiwa amtoe Isaka katika nchi ya Moria, alimtwika mwanawe kuni, wakapanda pamoja, na kijana akauliza: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Sijui kama kuna swali linaloumiza mzazi kuliko hilo. Lakini juu kule kisu kilizuiwa, kondoo mume akaonekana amenaswa pembe zake kichakani, na Ibrahimu akashuka mlimani na mtoto wake. Golgotha hapakuwa na sauti ya kuzuia. Tangu saa sita hata saa tisa palikuwa na giza, Mwana akalia, "Eloi, Eloi, lama sabakthani?" yaani, Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha? na mbingu zikanyamaza. Alichomhurumia nacho Ibrahimu, Mungu hakujihurumia nacho mwenyewe. Ndiyo maana Paulo anawaandikia Warumi kwa ujasiri kwamba aliyemtoa Mwanawe kwa ajili yetu sisi sote, atakosaje kutukirimia na mambo yote pamoja naye?

Kwa hiyo wewe unayeingia Pasaka hii na msiba, usione aibu kulia. Maria Magdalene alikuwa analia kaburini asubuhi ya ufufuko wenyewe, na Bwana aliyefufuka hakumkemea. Alimwuliza, "Mama, unalilia nini?" kisha akamwita kwa jina lake.

Upendo wa namna hii umeonekana hata karibu na siku zetu. Mwaka 1941, katika Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi huko Poland, watu kumi walichaguliwa wafe kwa njaa kwa sababu ilidhaniwa mfungwa mmoja ametoroka. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, alilia kwa ajili ya mke na watoto wake. Padri Maximilian Kolbe, mfungwa mwenzao, akatoka mstarini, akaomba afe yeye badala ya baba huyo. Alifungiwa bila chakula, na njaa iliposhindwa kummaliza wakamchoma sindano ya sumu, tarehe 14 Agosti 1941. Gajowniczek aliishi mpaka 1995, na tarehe 10 Oktoba 1982, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Kolbe kuwa mtakatifu, alikuwepo kwa macho yake. Nikilisoma tukio hili natetemeka. Hata hivyo Kolbe alimfia mtu asiye na hatia. Kristo alitufia sisi "tulipokuwa tungali wenye dhambi," na waliopigilia misumari aliwaombea msamaha.

Sasa, wapendwa, niruhusuni niseme jambo moja. Yohana 3:16 tunaijua sote, hata watoto wanaitamka bila kusita. Lakini ni wangapi wetu wanaijua Waraka wa Kwanza wa Yohana 3:16? Unasema kwamba yeye aliutoa uhai wake kwa ajili yetu, na imetupasa na sisi kuutoa uhai wetu kwa ajili ya ndugu. Na mtume, kama aliyetujua tutakimbilia kusema sisi hatujaitwa kufa, katika mstari wa 17 anashuka hadi kwenye riziki: mwenye riziki ya dunia akimwona ndugu yake ni mhitaji, akamzuilia huruma zake, upendo wa Mungu wakaaje ndani yake? Hapo hakuna pa kujificha. Daudi alipopewa bure uwanja wa Arauna na ng'ombe wa sadaka, alikataa; akalipa shekeli hamsini za fedha, kwani hakutaka kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Na sisi tunamtolea nini? Muda uliobaki, nguo tulizozichoka, msamaha kwa wale tu waliokwisha kuja kupiga magoti! Pasaka hii mpigie simu ndugu uliyeachana naye kwa ugomvi, kabla hajakupigia. Mlioachiwa watoto wa marehemu, wapendeni kama wenu, maana Yohana alimchukua Maria nyumbani kwake, hakumtembelea siku za sikukuu tu. Nanyi mnaouguza, mnaoamka usiku kumgeuza mgonjwa ambaye hata kusema asante hawezi tena, Mungu anawaona, na hakuna hata usiku mmoja wenu uliopotea mbele zake.

Nawaombea wagonjwa uponyaji, wafiwa faraja, wasio na kazi mlango uliofunguka, wasafiri safari njema, na watoto wetu wakue katika kumcha Bwana. Mungu atujalie sote uhai na afya tuione Pasaka nyingine. Kutoka kwangu na familia yangu, nawatakia Pasaka njema yenye amani, upendo na baraka tele.

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli! Aleluya!