Picha za kukalia mizizi ya Angkor

Ndugu Mhariri,

Kurasa za safari zikigusa Angkor, eneo la mahekalu ya kale huko Kambodia, picha huwa ileile: hekalu la Ta Prohm, na mtu amekalia mzizi unaoteremka kutoka paani. Naomba picha za namna hiyo zisichapishwe tena. Mwenye hamu ya kuona magofu ya Kibudha yaliyofunikwa na miti, tena penye utulivu, aelekezwe Ta Nei, na aelezwe namna ya kutembea humo.

Ta Nei ilijengwa mwishoni mwa karne ya 12, enzi za Mfalme Jayavarman VII. Imo msituni, kaskazini mwa hekalu la Ta Keo, mwendo wa takriban kilomita moja. Dereva wa bajaji akushushe Ta Keo na kukusubiri, wewe uingie kwa miguu. Tiketi ni ya Angkor nzima: dola 37 kwa siku moja, au 62 kwa siku tatu unazoweza kuzitumia ndani ya siku 10. Mnunuzi hupigwa picha inayochapwa kwenye tiketi, kwa hiyo usitegemee kuazima ya mwenzako. Mabega na magoti yafunikwe.

Sasa kuta. Mawe yamepangwa bila chokaa. Yanashikwa na uzito wake. Hata paa si tao la kweli: kila safu imetokeza kidogo kuliko iliyo chini yake, mpaka pande mbili zikakutana juu. Mbegu iliyodondoshwa na ndege huota kwenye ufa, mizizi ikateremka kutafuta udongo, na kadiri inavyonenepa ndivyo inavyotanua mawe. Aliyeona miti juu ya kuta za magofu ya Gede, Kenya, anaijua kazi hiyo. Ajabu ni kwamba baada ya miaka mingi mzizi huohuo ndio unaoshikilia ukuta. Ukifa na kuoza, panabaki pengo na mawe yanaporomoka. Ndiyo maana kukata mti peke yake si dawa, na ndiyo maana gome linalochubuliwa na viatu kila siku si jambo dogo.

Usipande pia marundo ya mawe yaliyoanguka. Yanacheza, na msimu wa mvua, Mei hadi Oktoba, huota utando wa kijani unaoteleza vibaya. Tena, mahali jiwe lilipoangukia huwasaidia mafundi kujua lilikaa wapi ukutani. Ndivyo hekalu jingine la Angkor, Banteay Srei, lilivyoanza kupangwa upya mwaka 1931. Ukilisogeza upate pa kukaa, umefuta ushahidi.

Ukiwa chini, miti isikumalizie macho yote. Kagua vishubaka vya ukutani. Katika mahekalu mengi ya mfalme huyu, sanamu za Budha zilitinduliwa baada ya kifo chake; utaona umbo la aliyekaa amekunja miguu, na ndani yake alama za patasi tupu. Mwanga wa asubuhi, unaoingia kwa ubavu, huzionyesha vizuri zaidi kuliko wa mchana. Ukichelewa, anza kurudi Ta Keo saa 10 alasiri, kwani msituni giza hutangulia.

Msomaji wenu,
Arusha