Barua kwa mdogo wangu aliyechoka kutetea

Mdogo wangu,

Ujumbe wako niliusoma ndani ya taksi, nikashindwa kuujibu kwa sababu abiria wa pembeni alikuwa anachungulia simu yangu. Siku hizi hapa Kampala mtu akichungulia simu yako hujui anatafuta nini. Basi nakuandikia hapa, bila jina lako, wala la kijana wetu, wala la kliniki unayofanyia kazi. Utajijua mwenyewe.

Unasema umechoka kuwatetea mashoga. Nimetafuta humo mahali uliposema umebadilisha msimamo, sijapaona, kwa hiyo barua hii si ya kukushawishi. Ningependa tu tuangalie pamoja tumaini lako ulikuwa umeliweka wapi, maana naona uliliweka lote kwenye hukumu moja.

Kwanza la Mjomba. Ile voisi ndefu aliyoituma kwenye grupu la ukoo kabla ya kukutoa, nimeisikiliza mpaka mwisho, hadi anapokohoa na kumwita mke wake alete chai. Eti unalipwa na wazungu kuleta ushoga nyumbani. Nilicheka, kisha nikakasirika. Mshahara wako naujua. Pesa ya gesi bado hujanirudishia. Kama ni wazungu, Mjomba angeanza na sheria yenyewe. Kifungu cha kanuni ya adhabu kinachokataza mapenzi ya "kinyume cha maumbile" tulikirithi kwa Waingereza, na hakijatoka mpaka leo. Machi 2009 alikuja hapa Kampala mhubiri Mmarekani, Scott Lively, akafanya semina dhidi ya mashoga, na kabla mwaka haujaisha mswada wa kwanza wa kuwaadhibu mashoga ukawa uko bungeni. Lakini haya usimpelekee. Yule hatabadilika kwa kutajiwa tarehe, na akishindwa hoja mbele ya watoto wake atakuchukia zaidi.

Sasa hukumu. Tarehe 3 Aprili 2024 sote tulisikia neno moja tu: mahakama imekataa. Ni kweli, majaji watano wa Mahakama ya Katiba waliiacha sheria ya 2023 dhidi ya ushoga isimame. Kifungo cha maisha kipo. Adhabu ya kifo kwa makosa waliyoyaita mazito ipo. Kile kifungu cha kuhamasisha ushoga, chenye miaka hadi 20, nacho kipo, na ndicho kinachonifanya nisiandike majina. Sikufichi lolote hapo.

Ila nani kati yetu alisoma zile sehemu walizozifuta? Walifuta kifungu kilichomtia hatiani mwenye nyumba kwa kupangisha. Walifuta kile cha kuwajibisha watu kwenda kuwaripoti mashoga polisi. Walifuta pia kile cha maambukizi ya ugonjwa usiopona, ambacho wewe na wagonjwa wako mlikuwa mnakiogopa kuliko vyote.

Umkumbuke kijana wetu mwaka jana. Uliponipigia, godoro lake lilikuwa limeegemezwa ukutani varandani, jerikeni juu ya viatu, sufuria moja bado ina maharage, na kufuli jipya mlangoni. Mwenye nyumba alisimama pale mikono nyuma akisema hana ugomvi na mtu, yeye anaogopa jela tu. Jela ambayo kifungu chake kilikuwa kimeshafutwa! Hakuna aliyemwambia. Wewe hukujua, mimi sikujua, na mwenyekiti wa mtaa, yule wa LC, kama alijua, alinyamaza. Nadhani mwenye nyumba angetafuta sababu nyingine hata hivyo, lakini angelazimika kuitafuta, na huenda kijana angepata mwezi wa kujipanga badala ya usiku mmoja.

Mtetezi wa kawaida kama wewe, asiye wakili wala mwanasiasa, ana kazi hapo. Kazi ya kujua kipi bado ni sheria na kipi ni woga tu, na kumwambia mtu kwa upole. Hata huko kliniki. Waraka wa Wizara ya Afya wa tarehe 5 Juni 2023, siku chache tu baada ya sheria kutiwa saini, uliwaagiza watoa huduma wasimnyime mtu yeyote matibabu wala kumbagua, na mwelekeo wa kimapenzi umetajwa humo. Uchapishe. Ubandike kwenye chumba cha kutolea dawa, karibu na ile kalenda ya chanjo. Yule mwenzako anayewaangalia wateja kuanzia kichwani hadi viatuni atausoma akiwa anasubiri maji yachemke.

Unaniuliza kama kuna kitu kimewahi kubadilika nchi hii. Kimewahi. Sheria ya kwanza ilitiwa saini Februari 2014, na tarehe 1 Agosti mwaka huo huo ikafutwa kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, yaani wabunge waliokuwemo hawakutosha. Kati ya walioipeleka mahakamani alikuwemo Fox Odoi, mtu wa West Budama, jirani zetu kabisa wa Tororo. Wala hakuwa na kinga yoyote ya wazungu. Mwaka 2023, akiwa mbunge wa chama tawala, aliandika ripoti ya wachache, ya wasiokubaliana na wengi, kuupinga mswada, kisha akarudi mahakamani tena. Mjomba huwa hamtaji huyo.

Na kuna David Kato, mtetezi wa mashoga hapa Uganda. Januari 2011 Mahakama Kuu ilimpa haki yeye na wenzake dhidi ya gazeti lililochapisha picha na majina ya watu likitaka wanyongwe. Wiki hizo hizo akauawa nyumbani kwake Mukono. Kwenye mazishi mhubiri alishika maikrofoni akaanza kuwalaani waombolezaji mbele ya jeneza, hadi ikabidi anyang'anywe. Wanakijiji wakagoma kuzika. Marafiki zake ndio waliolibeba jeneza, na aliyemwombea kaburini ni askofu mstaafu Christopher Senyonjo, mzee wa karibu miaka 80, ambaye kanisa lake lilikuwa limeshamtenga kwa msimamo huo huo. Huwa namfikiria sana mzee yule. Siku ile hakubadilisha sheria yoyote. Alihakikisha mtu anazikwa na sala.

Labda nitakuudhi hapa. Sitegemei msaada wa nje kutupa tumaini. Benki ya Dunia iliposimamisha mikopo mipya Agosti 2023, huku mitaani tuliulizwa sisi: mmefurahi? Lawama ilimwangukia kijana anayeuza chipsi, siyo waliopiga kura bungeni. Wenye kesi walisema watakata rufaa Mahakama ya Juu; wacha mawakili wahangaike nayo, sisi tuhangaike na kodi ya kijana.

Kwa hiyo pumzika. Kwa kweli, pumzika: usijibu maoni ya watu Facebook, usirudi kwenye grupu hata ukiitwa, mpaka uitwe na Mjomba mwenyewe. Shangazi, kwa taarifa yako, alinipigia pembeni akauliza kama "yule mtoto" anakula vizuri. Hakutaja jina, ila alituma elfu hamsini kwa simu akasema zisifike masikioni mwa mume wake. Zimefika mikononi mwa mhusika, mwambie.

Nakuja Malaba Ijumaa, na nakala mbili za waraka na ukurasa wa hukumu wenye ile orodha ya vifungu vilivyofutwa. Jumamosi asubuhi tutaenda wote kwa yule mwenye nyumba mpya wa kijana wetu kabla hajasikia habari kwa watu wengine. Vaa gauni lako la kanisani, anapenda watu wa heshima. Mukene, wale dagaa, nitaleta mimi, wewe tafuta unga wa posho.

Dada yako.