Tuchemshe, tuchuje, na tunyamaze?

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwasumbua kwa barua. Ile taarifa yenu kuhusu maji ya mfereji, iliyotufunza kuchemsha, kuosha matangi na kufunika mitungi, imenishinda kumeza. Mwandishi wenu ameandika kana kwamba uchafu huzaliwa jikoni kwetu. Hakuuliza hata mara moja maji hayo hufika mlangoni yakiwa katika hali gani, wala ni nani anayeyapima yakishafika.

Nimestaafu kazi ya maabara za shule, kwa hiyo sihitaji kuambiwa kuwa maji yanatibiwa. Najua yanatibiwa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Husafishwa katika kiwanda cha Ng'ethu, hutiwa klorini, kisha huteremka hadi matangi makuu ya Gigiri. Sina ugomvi na Ng'ethu. Ugomvi wangu ni safari ya kutoka Gigiri hadi mtaani kwetu Umoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka klorini iliyobaki ndani ya maji isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapofungulia mfereji. Klorini hiyo iliyobaki ndiyo inayoua vijidudu vitakavyoingia njiani. Sasa mtu akikwambia maji ni salama, muulize yalipimiwa wapi.

Maana sisi tunaishi kwa mgao. Bomba likikaa siku kadhaa bila maji, presha hupotea, na bomba tupu lenye ufa hunyonya kilicho nje yake. Nje yake, mtaani kwetu, ni mtaro wa majitaka. Maji yakirudi, yale ya kwanza ndiyo yaliyobeba kila kitu, na ndiyo hayo tunayoyakimbilia usiku wa manane na mitungi kwa sababu hatujui yatakatika saa ngapi. Wanaotushauri tuyaache yatiririke kwanza hawajawahi kukesha wakisubiri mfereji uanze kukohoa.

Mvua ya masika ilipoanza, maji yalirudi yakiwa na rangi ya turungi na harufu ambayo sitaieleza gazetini. Mtoto wa jirani yangu wa chini, hata miaka miwili hajafikisha, akaharisha usiku kucha, na kulipokucha akakimbizwa hospitalini akiwa ameishiwa nguvu. Siwezi kuapa kuwa ni maji yale. Hakuna aliyeyapima, na hilo ndilo linalonikasirisha. Nilikinga chupa, nikatia kidonge cha kupimia klorini, kile kinachogeuza maji kuwa ya waridi ikiwa klorini imo. Hayakugeuka hata kidogo. Nikaibeba chupa hadi ofisi moja inayoshughulikia malalamiko ya maji. Kijana wa dirishani hakuitazama. Alitaka namba ya akaunti. Nikampa ile iliyoandikwa kwenye bili ya ploti. Akasema, "Mama, akaunti hii si yako. Mwenye nyumba aje mwenyewe." Nikamwambia mwenye nyumba anaishi upande mwingine wa mji na maji haya hayanywi. Basi nipeleke sampuli maabara ya kibinafsi kwa pesa zangu, akasema, nikipata majibu nirudi nayo, tena nikiwa na mwenye akaunti. Keyateka naye, nilipomuuliza tangi la juu lilioshwa lini mara ya mwisho, alicheka na kunijibu kuwa wapangaji wengine hawalalamiki. Kwa hiyo kodi nalipa mimi, maji nalipia mimi kwa mkono wa keyateka, tumbo likichafuka ni langu, lakini mwenye ruhusa ya kulalamika ni mtu asiyejua hata maji yetu yana rangi gani! Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Hakikusema kila mwenye akaunti.

Tuchemshe, mnasema, tena kwa dakika ishirini. Nani atanunua hiyo gesi? Hata kwa mwinuko wetu wa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji yakichemka kwelikweli kwa mapovu makubwa, dakika moja inatosha kuua vijidudu. Zaidi ya hapo mnawapikia wauza gesi. Na kuna kitu ambacho kuchemsha hakukiondoi, mwandishi wenu akakipita kimya. Ploti nyingi siku hizi zina kisima cha kuchimbwa. Mwenye nyumba huyamwaga maji yake katika tangi moja na ya mfereji, na mpangaji hajui leo anakunywa yapi. Miamba ya volkano iliyo chini ya mji huu hutoa madini yaitwayo floridi, na visima vingi hapa vina floridi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayeinywa wakati meno yake yanajijenga hutoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyafuta. Ukichemsha, maji hupungua, floridi hubaki, na kila lita inakuwa nayo nyingi kuliko mwanzo. Dawa ya klorini ya dukani nayo haiigusi. Mwenye nyumba alazimishwe kubandika majibu ya kisima chake langoni, pale anapobandika notisi za kodi.

Mkimaliza hapo, waulizeni hawa wanaochimba mitaro ya nyaya za intaneti. Wanakuja na sururu asubuhi, wanakata bomba, wanalifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, wanafukia, wanaenda zao. Baada ya muda mfupi wanakuja wa kampuni nyingine, wanachimba palepale. Ukiuliza nani aliwapa kibali, kila mmoja anakuelekeza kwa mkandarasi, na mkandarasi hapokei simu. Njia yetu ya ndani imebaki mashimo matupu, ukitembea na viatu vya heshima unarudi na matope hadi magotini. Lakini intaneti ya kasi tunayo. Naweza kutazama video ya namna ya kuchuja maji bila kukwama hata mara moja.

Bili ya maji hutufikia ikiwa na hesabu hadi senti ya mwisho. Waongeze mstari mmoja tu: kiasi cha klorini kilichopimwa kwenye mfereji wa mwisho wa mtaa husika, siyo kiwandani, ndani ya saa moja baada ya mgao kurudi. Kando yake waandike kama vijidudu vya E. coli, vinavyoonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini, vilipatikana, kwa sababu kiwango kinachokubalika ni 0 kwa mililita 100, na hiyo si hesabu ngumu kuchapisha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa hiyo hatuombi fadhila. Nakala ipelekwe kwa mpangaji, siyo kwa mwenye nyumba peke yake. Kama nafasi haitoshi, waondoe salamu za sikukuu.

Na kama hata mstari huo ni mzigo, basi chai ya kila mkutano wa wakubwa wa maji ipikwe kwa maji ya kwanza ya mgao kutoka Umoja. Mtungi nitajaza mwenyewe, na mwenye mkokoteni nitamlipa.

Mpangaji,
Umoja, Nairobi