Barua ya wazi kwa vijana wa soko la Makoroboi, Mwanza, mnaofuata mzigo Guangzhou

Wanangu, mwangaluka.

Nimesikia viza zimetoka na kwamba mnaondoka Oktoba kuwahi maonesho ya biashara ya Canton, hukohuko Guangzhou, China. Mungu awatangulie. Habari za bei, kontena na ushuru mmeshafundishwa na watu wengi, wengine wamewatoza hela kabisa. Mimi nataka kusema lile ambalo semina hazisemi: mtakula nini, mtakula na nani, na mtajipa kazi gani soko likishafungwa. Mizigo mibovu mingi niliyoona ikishushwa hapa mjini iliagizwa na mtu mwenye njaa au mwenye usingizi.

Mpango wenu naujua, kila kundi linao. Mnabeba katoni ya tambi za kumwagia maji ya moto, mnalala wanne chumba kimoja, posho inabaki. Kubana matumizi sikatai, na mimi nimekula kwa jasho la biashara. Ila mtu aliyeshindia tambi, ikifika saa tisa mchana, baada ya kuzunguka maduka tangu asubuhi, anaitikia kila sampo anayooneshwa ili tu akakae. Hapo ndipo anapotoa malipo ya awali ya asilimia 30 kwa bidhaa ambayo hata hajaigeuza nyuma.

Na chakula cha kule hakimshindi mtu wa ziwani. Asubuhi wana uji wa mchele wa chumvi wenye vipande vya samaki au nyama, mzito, unakaa tumboni. Samaki wanampika mzima kwa mvuke, na kichwa chake. Sato yupo tele, maana China ndiyo inayoongoza duniani kwa kumfuga, na jimbo hilohilo la Guangdong ni kati ya wafugaji wakubwa. Asiyekula nguruwe aseme mapema kabla meza haijaagizwa, kwa sababu nguruwe anaingia hata kwenye mboga. Ipo pia migahawa ya Waislamu wa kule wanaovuta tambi kwa mikono mbele yako. Mchuzi wa ng'ombe wa pale nausifu. Msijaze mabegi nyama ya kukausha wala matunda, vitaishia forodhani.

Angalieni saa zao. Viwandani wanakula saa sita na wengi hulala kidogo baadaye; ukibisha hodi saa saba utampata mlinzi tu. Chakula cha jioni ni kama saa kumi na mbili. Sisi tuliozoea kula saa tatu usiku tunafika jikoni wakiwa wanafuta meza.

Sasa mwaliko. Mwenye kiwanda akiwaambia jioni twende tukale, nendeni. Kuna vijana hukataa kwa aibu ya vijiti au kwa kudhani watadaiwa. Aliyealika ndiye anayelipa. Msianze kuchangishana noti mezani mkamvunjia mtu heshima yake. Mtakaa meza ya duara yenye sinia la kioo linalozunguka katikati. Kabla ya chakula mtaletewa birika la chai na bakuli kubwa. Chai hiyo ya kwanza ni ya kusuuzia vikombe na vijiti, kisha inamwagwa kwenye bakuli lile. Si supu, msiinywe. Anayekumiminia chai, mgongee meza kidogo kwa vidole viwili, ndiyo ahsante yao, na atakutazama kwa jicho jingine kuanzia hapo. Vijiti msivisimamishe kwenye wali, kwao hiyo ni picha ya msiba. Samaki akiletwa kichwa kikielekea kwako, umeheshimiwa, anza wewe.

Pombe yao nyeupe ni kali, nyingi inapita asilimia 50. Asiyekunywa aseme kwenye kikombe cha kwanza na anyanyue chai. Akikubali cha kwanza akakataa cha nne, ndipo wanapoudhika. Na bei msiijadili pale. Akitaja punguzo akiwa amechangamka, cheka, mshukuru, kesho ofisini mkumbushe mbele ya karatasi. Mezani kazi yenu ni kumtazama: anavyomsemesha mhudumu, vijana wake wanavyomwogopa au kumzoea, kama anakijua kiwanda chake au ni dalali aliyekodi ofisi. Muulize mashine zake zinaharibika wapi. Mwenye kiwanda ataongea hadi chakula kipoe. Mkikosa la kusema, mwelezeni daraja letu la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, lililojengwa na kampuni za kwao. Siku inayofuata mwalikeni nyinyi, hata kama ni mgahawa wa Kiafrika pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi.

Tuje kwenye muda. Maonesho yana awamu tatu za siku tano tano, na kati ya awamu na awamu kuna siku tatu za kupanga mabanda upya. Siku hizo ndizo zinazowamaliza watu. Mmoja analala hadi adhuhuri, mwingine anaingia madukani kununua viatu vyake mwenyewe kwa hela ya mzigo. Nyinyi mnaochukua vigae na fanicha, pandeni treni ya chini mwende Foshan, ni jirani tu, mkaone kiwanda kwa macho. Nusu siku moja, hata hivyo, iacheni bila kazi yoyote. Nasisitiza bila kazi. Pumzikeni kando ya Mto Zhujiang, mtazameni mnara wao wa mita 600 ukiwashwa taa.

Mkristo atasali kanisa kuu la mawe lililoko mtaa wa Yide, na Mwislamu ataufuata msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa China. Hapo Yide msiondoke haraka. Mtaa huo ni wa jumla wa vitu vya baharini vilivyokaushwa, na kwenye makopo ya kioo mtaona mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, yamepangwa kwa ukubwa, ya rangi ya asali. Mabondo ya sangara wetu nayo huvuka hadi soko la huko, kwa ajili ya supu za sherehe. Ulizeni bei kwa gramu, andikeni, mkirudi mpite soko letu la samaki la Mwaloni Kirumba mkaulize mvuvi analipwa ngapi. Kati yenu atakayefanya hesabu hiyo kwa utulivu huenda asirudi tena kwenye biashara ya vyombo vya plastiki.

Usiku nawaogopea zaidi. Xiaobei utasikia Kiswahili, utapata mwenyeji mkarimu wa kukupeleka disko na kukulipia. Siku mbili baadaye anakuomba umbebee begi dogo la dada yake. Kataa, hata kama anakuita ndugu, hata kama analia. Kule dawa za kulevya zinaweza kumfikisha mtu kwenye adhabu ya kifo, na hakuna ubalozi utakaokuchomoa. Pasipoti itembee nawe. Hotelini wanakuandikisha wenyewe. Ukienda kulala kwa rafiki kuokoa hela, lazima uripoti polisi ndani ya saa 24.

Nyumbani wawekeeni WeChat kabla hamjaondoka, kwa sababu WhatsApp kule imefungwa. Na waambieni saa: kule wametutangulia saa tano. Mama watoto akifunga duka saa moja jioni akakupigia, kwako ni saa sita usiku, na asubuhi una kiwanda.

La zawadi nilitaka kulisahau. Mwenyeji wenu msimpe saa ya ukutani, ni mkosi kwao. Kahawa ya Kagera iliyokaangwa inatosha, kila mmoja abebe pakiti kadhaa. Nunueni hapahapa mjini, bei za uwanja wa ndege mnazijua.

Mama yenu,
Makoroboi, Mwanza