Friji ya gari-nyumba haishindwi na joto, inanyimwa hewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo linalojirudia kila msimu wa joto: friji za magari-nyumba na karavani kuacha kupoza mchana, na wenye nazo kuambiwa wazungushe kitufe hadi mwisho, wajaze barafu, au wanunue friji mpya. Ushauri wa kwanza hausaidii kitu. Wa pili ni wa siku moja. Wa tatu mara nyingi huishia na friji mpya kuchomekwa katika uwazi uleule mbaya, ikashindwa kama ile ya mwanzo. Kwa kawaida tatizo haliko ndani ya friji. Liko nyuma yake, mahali pasipoonekana mpaka ufungue vifuniko vya matundu ya hewa ubavuni mwa gari.

Friji nyingi za magari haya hazina kompresa, ile pampu ya umeme ya friji za nyumbani. Ni za mfumo wa kufyonza, uliobuniwa mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters, wakati huo wanafunzi wa uhandisi mjini Stockholm. Ndani ya mabomba yake mna amonia, maji na haidrojeni. Moto wa gesi au kipashajoto cha umeme huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Mvuke wa amonia hupanda hadi kwenye kondensa, yale mapezi ya chuma yaliyo juu kabisa mgongoni mwa friji, na hapo ni lazima uachie joto lake hewani ili ugeuke kimiminika. Kimiminika hicho huingia kwenye evaporeta, sehemu inayopoza ndani ya friji, hukutana na haidrojeni, huvukizwa, na baridi hupatikana hapo. Kisha mvuke hufyonzwa tena na maji katika mabomba yaliyojikunja sehemu ya chini, na kazi hiyo nayo huzalisha joto linalotakiwa kuondoka.

Kwa hiyo juu na chini, friji inategemea hewa inayopita mgongoni. Hewa hiyo ikikwama na kufikia nyuzi 55 au 60, sehemu ya amonia haigeuki kimiminika, na kilichobaki hakitoshi kupoza. Kitufe hakiwezi kurekebisha hilo. Katika friji nyingi kazi yake ni kuamua wakati wa moto kuzima, na friji iliyozidiwa haizimi hata kidogo. Inawaka usiku na mchana. Wala kuongeza moto kuliko alivyopanga mtengenezaji si dawa, kwa sababu joto likizidi kwenye chungu cha kuchemshia, maji hupanda pamoja na amonia na kupoza kunashuka.

Kabla ya kushika bisibisi, soma kibandiko cha ndani ya friji. Herufi SN au N maana yake imeundwa kwa mazingira ya hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Mwenye friji ya SN anayetaka nyuzi 4 ndani wakati nje ni 40 anaidai kazi isiyo yake. Na hizo 32 au 38 ni za mazingira ya friji yenyewe. Ubavu wa gari wenye rangi nyeusi, ukielekea jua la alasiri, huipa friji hewa yenye joto zaidi kuliko unaloliona kwenye kipimajoto kilichoning'inizwa kivulini.

Sasa twende nyuma. Kunatakiwa tundu la chini la kuingizia hewa na la juu la kutolea. La chini liwe karibu na sakafu ya friji, na ukingo wa juu wa tundu la juu uwe juu ya mapezi ya kondensa. Kasoro ya kwanza ninayoiona mara nyingi ni nafasi pana mno kati ya mapezi na ukuta wa gari. Watu hudhani kadiri nafasi inavyokuwa kubwa ndivyo hewa inavyopita vizuri. Sivyo. Hewa hufuata njia nyepesi. Ikiwa kuna sentimita 10 wazi, hupanda ikikumbatia ukuta na kutoka juu bila kugusa mapezi. Nafasi hiyo isizidi kama milimita 25, isipokuwa kitabu cha friji kiseme vingine. Ikizidi, kata bati jembamba la alumini au la mabati lenye upana wa uwazi wote, likunje, ulifunge ukutani chini kidogo ya tundu la juu ili liisukume hewa kuelekea kwenye mapezi. Usitumie plywood wala sponji hapo, maana dohani ya kichomeo iko jirani.

Kasoro ya pili ni mfuko wa hewa iliyokufa juu ya friji. Pale tundu la juu lilipo ubavuni badala ya darini, hewa ya moto hupanda kupita usawa wa tundu, hujaa kati ya friji na dari, na kukaa hapohapo ikiipasha friji kutoka juu. Bati jingine, lililolazwa kwa mshazari kutoka ukingo wa nyuma wa juu ya friji hadi ukingo wa juu wa tundu, humaliza tatizo. Nafasi iliyo juu ya bati na pande mbili za friji ijazwe sufi ya madini isiyoshika moto, mbali na kichomeo. Wakati huohuo ziba kila upenyo kati ya chumba cha friji na sehemu wanamolala watu. Moshi wa kichomeo una kaboni monoksaidi na hauna ruhusa ya kuingia ndani.

Kujua kama hewa inakwenda ni rahisi: washa friji saa kadhaa, kisha shikilia kipande cha karatasi laini mbele ya tundu la chini. Kivutwe ndani. Kipeleke la juu, kisukumwe nje. Kikining'inia tu, una kazi ya kufanya. Na tafadhali toa vile vifuniko vya majira ya baridi vinavyoziba matundu ya hewa. Vimetengenezwa kwa siku za chini ya nyuzi 10 hivi, lakini magari mengi huzunguka navyo mwaka mzima. Wavu wa kuzuia wadudu ukiwa mwembamba sana na umejaa vumbi, nao ni kifuniko.

Baada ya njia ya hewa kunyooka ndipo feni ina maana. Feni mbili za kompyuta za milimita 120, volti 12, zenye bolbearing kwa sababu zile za bushi hukauka mafuta haraka kwenye joto, zinatosha. Zifunge chini ya kondensa zikisukuma hewa juu kupitia mapezi. Wengi huziweka kwenye tundu la darini kwa kuwa ni rahisi kufika. Zinasaidia, ila zikivuta hewa kutoka kila upenyo, mapezi hupata kidogo. Zisielekezwe chini kwenye kichomeo, zitayumbisha au kuzima mwali. Kila moja hula kama ampea 0.2, hivyo mbili zikikesha saa 24 zitatumia takribani ampea-saa 10 za betri. Weka fyuzi ya ampea 1 au 2 karibu na mahali unapochukulia umeme, na swichi ya joto inayojiwasha kwenye nyuzi 40 au 45, uifunge kwenye bomba linaloingia kondensa. Bila swichi hiyo feni zitafanya kazi usiku wa baridi bure.

Jua nalo lina hesabu yake. Ukiegesha kwa siku kadhaa, geuza ubavu wenye friji upande usiopigwa na jua la mchana: kwa walio mbali na ikweta, ni kaskazini kwa walio kaskazini mwa dunia, kusini kwa walio kusini. Turubai la kivuli linafaa ikiwa limeachana na ukuta kiasi cha kupitisha hewa. Likilala juu ya matundu linaua kile tunachokitafuta.

Gari likae sawa. Ndani ya friji hii vimiminika hurudi chini kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Friji nyingi za sasa huvumilia nyuzi 3 za kuinama kushoto au kulia na 6 mbele au nyuma, ukiitazama friji kwa mbele. Zile za zamani huvumilia pungufu. Nyuzi 3 ni kama sentimita 5 kwa kila mita. Weka pimamaji kwenye sakafu ya sehemu ya kugandishia, si kwenye meza ya gari. Ikiwashwa ikiwa imeinama zaidi ya hapo, maji hukwama kwenye mikunjo, chungu hubaki kikavu na kupata joto kali, na sodiamu kromati iliyomo ya kuzuia kutu huganda na kuziba mabomba. Hilo halizibuliki. Barabarani si tatizo kubwa, mtikisiko husaidia vimiminika kurudi.

Kuhusu chanzo cha joto, gesi kwanza. Mwali uwe wa buluu na utulie. Ukiwa wa njano kuna masizi, kutu kutoka dohani imeangukia kichomeo, au buibui amejenga kwenye bomba la gesi. Funga gesi, acha ipoe, toa kile kipande cha chuma kilichosokotwa ndani ya dohani, piga brashi dohani, kisha kirudishe kwenye kimo kilekile. Nozeli ilowekwe kwenye spiriti na ikauke yenyewe. Ukiichokonoa kwa sindano unapanua tundu, na mwali hautakuwa sawa tena. Nozeli mpya ni nafuu kuliko usumbufu huo. Shinikizo la gesi lipimwe na fundi mwenye kipimo, friji ikiwa inawaka. Kibandiko hutaja linalotakiwa, mara nyingi milibari 28 au 30.

Umeme wa volti 12 ndio unaowadanganya wengi. Joto la kipashajoto hupungua kwa kipeo cha pili cha volti: betri ikiwa na 13.5 na friji ikapokea 11.5, zaidi ya robo ya joto imepotea njiani. Pima kwenye viunganishi vya friji yenyewe, ikiwa imewashwa. Kipashajoto cha wati 175 huvuta karibu ampea 15, na waya wa milimita 2.5 za mraba, mita 6 kwenda na 6 kurudi, hupoteza kama volti 1.3. Wa milimita 10 hupoteza 0.3. Hata hivyo volti 12 ni ya kutunza baridi safarini. Kuanza kupoza friji yenye joto, tumia gesi au umeme wa gridi, siku moja kabla, ikiwa tupu au ina chupa chache za maji, kisha pakia vyakula vilivyokwisha kupoa.

Ndani hakuna mengi. Usiijaze mpaka hewa ikose pa kupita wala usitandike rafu. Barafu kwenye mapezi ya ndani, yale ya evaporeta, ikizidi milimita 6, iyeyushe. Mlango ubanwe na kipande cha karatasi pande zote nne; kikichomoka bila kukaza, mpira umechoka au bawaba imeshuka. Feni ndogo ya ndani inayopuliza kwenye mapezi hupunguza tofauti ya rafu ya juu na ya chini. Katika friji zenye kihisi joto kilichobanwa kwenye mapezi, kukipandisha juu kidogo huifanya ifanye kazi muda mrefu zaidi, lakini ikiwa haizimi kabisa tayari, huna cha kuongeza hapo.

Wenye friji za kompresa wanahitaji hasa mambo mawili kati ya haya: hewa kwenye kondensa na waya mnene. Volti ikishuka, kidhibiti chake huzima kompresa ili kulinda betri, na mwenyewe hudhani friji imeharibika.

Ombi langu kwa wanaounda na kuuza magari haya ni dogo. Andikeni kwenye karatasi za mauzo daraja la hali ya hewa la friji, zile herufi SN, N, ST au T, na onyesheni umbali kati ya kondensa na ukuta. Mnunuzi anaelezwa idadi ya lita na rangi ya mlango, mambo ambayo anayaona mwenyewe.

Na kwa aliyefanya yote haya bado friji haipozi: iweke kwenye mpangilio wa juu kabisa kwa saa 24 ikiwa na kipimajoto ndani ya glasi ya maji, kwanza kwa umeme wa gridi, kisha kwa gesi. Ikipoza kwa kimoja na kushindwa kwa kingine, kosa liko kwenye chanzo cha joto. Ikishindwa kwa vyote, chungu kikiwa cha moto na evaporeta ikiwa vuguvugu, mfumo wa mabomba umekufa. Kuipindua kichwa chini, dawa inayosifiwa sana, haiyeyushi kromati iliyoganda. Ukiona unga wa njano nyuma au kusikia harufu kali ya amonia, zima gesi na umeme, fungua milango na madirisha, watu watoke, na friji hiyo isiwashwe tena.

Wako,
Fundi wa friji za magari